Uji wa lishe, mtori au chakula cha mezani: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu apewe kipi?

Mtoto akishavuka mwaka mmoja, maziwa ya mama bado yana kazi, na ni vizuri anyonye hadi miaka miwili na zaidi, lakini peke yake hayatoshi tena. Sehemu kubwa ya nguvu za siku lazima itoke kwenye bakuli. Kwa nyumba nyingi za Moshi na Arusha, bakuli hilo huwa na kimoja kati ya vitu vitatu: uji wa unga wa lishe, mtori (ndizi zilizopikwa na kupondwa kwenye supu ya nyama), au chakula kile kile cha familia kilichopondwa. Kila kimoja kina watetezi wake. Bibi atasema mtori. Dada wa kazi atapika uji, maana ndio rahisi. Baba akirudi jioni atamkatia mtoto tonge la ugali na kulichovya kwenye mchuzi.

Ugomvi wa kipi ni bora kwa kawaida huanzia pasipofaa, yaani kwenye jina la chakula. Kikombe kimoja cha uji kinaweza kuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya kikombe kingine cha uji kilichopikwa nyumba ya pili. Mtori nao uko hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyakula vitatu, linganisha namna vinavyopikwa. Hesabu zifuatazo ni za kukadiria, kwa bakuli la mililita 250, ambalo ndicho kiasi ambacho mtoto wa umri huu anaweza kumaliza kwa mlo mmoja:

| Bakuli | Kilichomo | Kilokalori | Protini (g) | Muda jikoni |
|---|---|---|---|---|
| Uji mwepesi | unga g 25, maji, sukari vijiko 2 vya chai | 120 | 2–3 | dakika 20 |
| Uji mzito | unga g 35, maziwa ml 100, karanga za kusaga kijiko 1 cha chakula | 280 | 10 | dakika 25–30 |
| Mtori wa supu tu | ndizi g 120, supu ya nyama | 150 | 2 | saa 1½–2 |
| Mtori wenye nyama ndani | ndizi g 150, nyama g 30, siagi kijiko 1 cha chai | 255 | 8 | saa 1½–2 |
| Chakula cha mezani | wali g 100, maharage ya kupondwa g 60, mboga yenye mafuta kijiko 1 cha chai | 255 | 8 | hakuna wa ziada |

Mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya vizuri anahitaji takribani kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Asiyenyonya anahitaji karibu 1,000. Sasa rudi kwenye mstari wa kwanza wa jedwali: kwa uji mwepesi, mtoto anayenyonya angehitaji karibu vikombe vitano kwa siku, na asiyenyonya vinane. Hakuna tumbo la mtoto linaloweza kazi hiyo. Ndiyo maana unamkuta mtoto anakunywa uji kutwa nzima, tumbo limejaa, na kadi ya kliniki haipandi.

Mistari mitatu yenye nguvu inakaribiana sana. Kinachoitenganisha ni mengine: madini ya chuma, muda na mkaa, kutafuna, na yale yanayoharibika njiani.

Uji wa lishe

Tuanze na unga wenyewe. Sokoni Mbuyuni (Moshi) au Kilombero (Arusha) utauziwa unga wa nafaka saba, nane, hata kumi: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, na ndani yake karanga, soya, mbegu za maboga, pengine na dagaa. Orodha ndefu hupendeza machoni, lakini mahindi, mtama, mchele na ngano ni kundi moja la chakula. Ukiweka zote nne umeweka wanga mara nne. Kinachobadilisha uji ni kile kisicho nafaka: soya, karanga, maziwa, yai. Nafaka moja au mbili zinatosha kabisa. Ulezi una faida ya kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zinazopatikana hapa, na mahindi ni rahisi kupata, basi changanya hizo mbili uachane na nyingine.

Kipimo kinachofanya kazi ni vikombe vinne vya nafaka kwa kikombe kimoja cha soya. Soya haisagwi mbichi. Ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ladha yake ya ubichi ndiyo inayofanya mtoto ateme uji. Chemsha maji kwanza, yakitokota tumbukiza soya, iache ichemke dakika 20 hadi 30, mwaga maji, sugua kwa mikono kuondoa maganda, anika hadi ikauke kabisa, kisha ikaange kidogo ndipo upeleke mashineni. Wauzaji wengi wa unga uliochanganywa tayari huruka hatua ya kuchemsha, na kwa macho huwezi kujua.

Karanga na dagaa visisagwe pamoja na unga. Hapa tunasisitiza, maana ndipo penye makosa mengi kuliko pote. Karanga ina mafuta. Ikisagwa, mafuta yanakutana na hewa na baada ya wiki chache unga unaanza kunuka. Mbaya zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Haionekani, haina harufu, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye ukungu. Kinga ya nyumbani ni kuchambua: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu itupwe, isipewe hata kuku. Karanga zilizokwisha kusagwa huwezi kuzichambua. Nunua nzima, chambua mwenyewe, kaanga, saga kiasi cha wiki moja, weka kwenye chupa yenye kifuniko, na uiongeze kwenye uji wakati wa kupika. Unga wenyewe saga wa wiki tatu au nne, usizidi.

Kupika bakuli moja: koroga vijiko vinne vya chakula vya unga, visivyo na kilima, kwenye maji baridi hadi mabonge yaishe. Mimina kwenye maji yanayochemka. Maji yote yawe karibu mililita 200, mengine yatapungua. Koroga bila kuacha hadi uchemke, punguza moto, acha dakika 15. Ongeza maziwa na karanga, chemsha dakika tano tena. Uji ulioiva kwa kiasi hiki ukiuinamisha kwenye kijiko hudondoka kwa uvivu. Ukitiririka, ni mwepesi.

Lalamiko la kawaida ni kwamba uji mzito mtoto haumezi, na hapo ndipo mtu anaongeza maji na kurudi kwenye kilokalori 120. Kilimanjaro ina dawa yake ya siku nyingi: kimea cha ulezi, kile kile kinachotumika kwenye mbege, pombe ya ndizi. Ulezi ukiota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kinaulegeza uji mzito ukawa wa kunyweka bila kuongeza tone la maji. Pika uji mzito wa maji tu, uepue, usubiri upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua. Weka kimea, koroga dakika tatu hadi tano, utauona unalegea. Kisha urudishe motoni, tia maziwa na karanga, uchemke dakika tano. Ukiweka kimea uji ungali unatokota, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki vile vile. Usipourudisha motoni, vijidudu vilivyozaliana wakati ulezi ukiota vinaingia tumboni kwa mtoto.

Kimea cha sokoni kimekusudiwa pombe, na mara nyingi kina ukungu. Cha mtoto otesha mwenyewe. Nusu kilo ya ulezi safi, iloweke usiku mmoja, ichuje, itandaze juu ya kitambaa chenye unyevu na kuifunika siku mbili hadi tatu, ukiinyunyizia maji asubuhi na jioni. Vimizizi vikitokeza, anika juani hadi ikauke kabisa, fikicha uondoe mizizi, saga. Usitumie mtama kwa kazi hii, kwani machipukizi yake yana sumu aina ya sianidi. Ulezi hauna tatizo hilo.

Mambo mawili zaidi juu ya uji. Chupa ya kunyonyea iliyokatwa chuchu ili uji upite haifai: inahitaji uji uwe mwepesi, ni ngumu kusafisha, na mtoto hapati mazoezi ya kutafuna. Kikombe na kijiko vinatosha. Pia uji unaopikwa saa 12 asubuhi na kukaa kwenye termosi ya vuguvugu hadi saa 5 ni mahali pazuri pa kuzalisha vijidudu, hasa ukiwa na maziwa. Kama ni lazima utunzwe, suuza termosi kwa maji yanayochemka, mimina uji ukiwa unatokota, na maziwa yaliyochemshwa yaongezwe saa ya kumlisha. Sukari haina kazi hapo. Ndizi kisukari moja iliyoiva, ikipondwa na kutiwa kwenye uji, inatosha kwa utamu.

Mtori

Mtori ni chakula kizuri kwa mtoto. Ni laini, hauna pilipili, na watoto wengi huukubali siku ya kwanza. Shida yake ni moja, nayo inajirudia nyumba baada ya nyumba: nyama inachemshwa, supu inapondwa na ndizi, nyama inabaki kwa wakubwa. Watu huamini kwamba nguvu ya nyama imehamia kwenye supu. Haijahamia. Kilichohamia ni ladha, chumvi, mafuta na protini kidogo sana. Madini ya chuma na protini vimebaki kwenye nyuzi za nyama. Angalia tena jedwali: gramu mbili kwa nane.

Kwa familia ya watu wanne pamoja na mtoto, vipimo ni nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, ndizi mshare 10 hadi 12, kitunguu kimoja, karoti moja au mbili, na maji lita moja na nusu. Nyama peke yake inataka saa moja hadi saa moja na nusu kwa jiko la mkaa. Isipolainika kabisa haitapondeka. Ndizi zimenywe ukiwa umepaka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, na ziingie kwenye maji mara moja, vinginevyo mtori utakuwa wa rangi ya kijivu. Hauna ubaya, ila haupendezi. Ndizi huiva kwa dakika 20 hadi 25 baada ya kuingia kwenye supu. Zilizoanza kuwa njano ziache. Mtori unakuwa na utamu na utelezi ambao watoto wengi huukataa.

Kabla ya chumvi, toa sehemu ya mtoto. Chukua nyama gramu 30, kipande cha upana wa vidole viwili, ukikate kwa kisu kukatisha nyuzi, si kufuata urefu wake, kisha kiponde kwenye kinu au kwa mgongo wa kijiko. Ukichambua kwa urefu tu unabaki na kamba ambazo mtoto atazitafuna dakika kumi halafu azifiche shavuni. Rudisha kwenye mtori wake, ponda pamoja, weka kijiko cha chai cha siagi. Parachichi linafanya kazi ile ile kwa bei nafuu msimu wake ukifika: vijiko viwili vya chakula, litiwe bakulini baada ya kuepua, kwani likichemka linakuwa chungu.

Asiye na saa mbili ana njia ya mkato: maini. Kipande kidogo cha ini la ng'ombe huiva kwa dakika kumi, hupondeka kirahisi, na kwa madini ya chuma kinaishinda nyama ya kawaida kwa mbali. Mtori wa maini unatoka ndani ya dakika 40. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa sababu ini lina vitamini A nyingi mno na mtoto hazihitaji kila siku. Nyama ya kusaga nayo hukata muda kwa zaidi ya nusu, mradi ichemshwe vizuri ikiwa imekorogwa na maji baridi kwanza ili isigande mabonge.

Blenda? Kwa mtoto wa miezi saba, sawa. Kwa wa mwaka na nusu, hapana. Umri huu taya linajifunza kazi, na aliyezoeshwa vitu vya kunywa tu huwa mgumu sana kumhamisha baadaye. Uma au mwiko unatosha, na vipande vidogo vibaki ndani.

Mtori una nafasi yake ya pekee mtoto anapoharisha: ndizi mbichi iliyopikwa hutulia tumboni na husaidia choo kushikamana, huku maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki ya hospitali vikiendelea. Kwa mtoto mwenye choo kigumu ni kinyume, usimpe mfululizo. Mpe papai na maji ya kutosha.

Chakula cha mezani

Hiki ndicho tunachokipa uzito zaidi kadiri mtoto anavyokua, na akifika mwaka na nusu kiwe milo miwili au mitatu kati ya minne ya siku. Hakiongezi mkaa wala muda. Kinamfundisha mtoto ladha za nyumbani kwao na kutafuna. Bakuli lake hubadilika kila siku bila mtu kupanga, kwa sababu familia hubadilisha.

Kosa lake kubwa linafanana na la mtori wa supu: tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi. Maharage, mboga na nyama vimebaki kwenye sahani ya mama. Sheria ya mkono ni kwamba nusu ya bakuli la mtoto isiwe ugali, wali wala ndizi. Iwe maharage, yai, dagaa, nyama, samaki na majani ya kijani.

Toa sehemu yake kabla ya chumvi ya mwisho na pilipili. Maharage yaponde hadi ganda lisionekane, uongeze kijiko cha chai cha mafuta. Madini ya chuma ya maharage hayafyonzwi vizuri peke yake. Kipande cha chungwa, papai au pera baada ya chakula huyasaidia sana. Chai hufanya kinyume. Chai na andazi asubuhi kwa mtoto wa miaka miwili ni desturi iliyoenea, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumwondolea chuma alichokula. Tungeiondoa chai kabisa katika umri huu kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Maziwa pia yana kikomo: zaidi ya nusu lita kwa siku yanamshibisha na kumnyima hamu ya chakula chenye chuma.

Kiburu, yaani ndizi na maharage, ni bakuli zuri lisilohitaji mabadiliko makubwa. Ponda tu vizuri na uongeze unga wa dagaa. Makande yana mtego: punje za mahindi mtoto huzimeza nzima, na utaziona kesho yake kama zilivyoingia. Lazima zitwangwe. Loshoro ya Waarusha, mahindi na maziwa ya mgando, inafaa kwa sharti hilo hilo la kutwanga, pamoja na jingine: mgando utokane na maziwa yaliyochemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, na kuganda hakuviui vyote.

Dagaa wa Ziwa Victoria ndio protini ya bei nafuu kuliko zote katika orodha hii, na mifupa yake inaliwa, kwa hiyo kalisi ipo. Wana mchanga. Toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu au zaidi hadi chini ya beseni pasiwe na mchanga, anika, kaanga bila mafuta hadi wakauke kabisa, saga. Kijiko kimoja cha chakula kwenye mboga au kiburu mtoto haoni tofauti. Kwenye uji wa sukari ataiona, na atatema.

Mnafu, kwa uchungu wake, watoto wengi hukunja uso. Uuchemshe kidogo, umwage maji ya kwanza, kisha uupike na maziwa au karanga. Mchicha na majani ya maboga havina shida hiyo, anza navyo.

Hatari ya kukabwa ipo zaidi hapa kuliko kwenye uji na mtori. Karanga nzima, bisi, vipande vya muwa, karoti mbichi, miiba ya samaki na minofu mikubwa ya nyama visimfikie kabla ya miaka minne. Na ale akiwa amekaa.

Mpe sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia la pamoja hakuna anayejua mtoto amekula nini. Kaka zake wana mikono mirefu.

Maji na magadi

Kwa mkoa wa Arusha hili linaweza kubadilisha uamuzi. Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Meru, hasa Arumeru kuelekea Maji ya Chai na Ngurdoto, na pia baadhi ya tambarare za Hai upande wa Kilimanjaro, yana floraidi nyingi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kudumu ya mtoto yanajijenga ndani ya ufizi katika miaka hii hii, na floraidi inayozidi ndiyo inayoyatoa na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua, floraidi inabaki na kukolea.

Uji kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kwa nyumba yenye maji hayo uji mara tatu kwa siku ndio njia fupi ya kumpa mtoto floraidi. Wali, ugali na ndizi pia hunywa maji, ila si kwa kiasi hicho. Tumia maji ya mvua au ya chupa kwa uji wake tu, ni chini ya lita moja kwa siku, au pika kwa maziwa mengi zaidi. Chujio la mkaa wa mifupa, lile lililofanyiwa kazi miaka mingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huondoa floraidi, lakini mkaa wake hubadilishwa kwa wakati. Ukichoka haufanyi chochote.

Magadi ya kulainisha maharage na makande nayo yana floraidi, mengine nyingi sana. Wapishi wa Arusha wanayapenda kwa sababu ya msingi: mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yanachemkia karibu nyuzi 95, na maharage yanachukua muda mrefu kuliko Moshi mjini, acha Tanga. Badala ya magadi, loweka usiku kucha, mwaga maji ya kuloweka, na uchemshe mengi ya siku tatu mara moja. Sufuria ya presha inamaliza kesi yote kwa dakika 30 hadi 40.

Basi uchague nini

Mzazi anayeondoka nyumbani alfajiri na kumwacha mtoto na dada: uji mzito asubuhi, chakula cha mezani mchana kilichopikwa usiku uliopita na kutunzwa kwenye friji, kikapashwa hadi kitokote. Mtori muachie Jumamosi au Jumapili. Kumwachia dada mtori wa kila siku ni kumpa kazi ya saa mbili ambayo ataikata njiani, na kitakachokatwa ni kuponda nyama.

Nyumba ambayo nyama hununuliwa mara moja kwa wiki isijilaumu. Iigawe: nusu kilo hiyo ukitenga gramu 150 za mtoto na kuzisaga, una milo mitano yenye gramu 30. Siku zilizobaki ni mayai na dagaa. Yai moja zima lililoiva vizuri, likivurugwa kwenye uji unaochemka au kwenye wali, linaongeza gramu sita za protini na kilokalori 70.

Mtoto mwembamba asiyependa kula kwa wingi anafaa uji mzito wa kimea wenye karanga, kwa sababu bakuli dogo linabeba mengi. Mtoto mnene anayekunywa uji siku nzima anahitaji kinyume chake: uji mara moja tu, asubuhi, kisha vitu vya kutafuna. Uzito wake unaweza kuwa mzuri huku damu ikiwa pungufu. Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, peleka apimwe.

Asiyenyonya kabisa apate milo minne na vitafunwa viwili, na maziwa yaliyochemshwa kikombe kimoja hadi viwili kwa siku. Kitafunwa kiwe ndizi mbivu, parachichi, yai au kiazi kitamu, si biskuti.

Mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye meno ya kutosha na asiye na ugonjwa hana haja ya chakula cha peke yake. Uji abaki nao kama kinywaji cha asubuhi kwa nyumba nzima.

Na kama mtoto amekula vizuri, kwa bakuli zito, mwezi mzima, na mstari kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka kwa vipimo viwili mfululizo, usibadilishe unga tena. Pengine ni minyoo, malaria, kikohozi kisichoisha au mkojo wenye maambukizi, na hivyo havitibiwi na uji. Mkono wa juu ukipimwa kwa utepe ukawa chini ya sentimita 12.5, nenda wiki hiyo hiyo. Chini ya 11.5, au miguu ikivimba, nenda leo.